Maziwa ya mtoto na mtaji wa kundi: hela ya walemavu inalipa chakula ama hailipi?

Meseji za mwezi huu karibu zote zimekuja na jambo moja, chakula na hela ya walemavu. Sijui ni kwa sababu granti zimetoka sehemu nyingi ama ni vile maduka yamepandisha bei, lakini nimejaza daftari. Nimechagua tano. Wengine mnaniita Shangazi, wengine Senga, yote naitika. Na kwa wageni wa ukurasa huu: nilikuwa nasi (muuguzi) wodi ya watoto miaka mingi kabla magoti hayajanigomea, kwa hivyo nikianza kuongea sana kuhusu kijiko mnivumilie.

*

Shangazi, salamu nyingi kutoka Arua. Mimi ni mama wa mtoto wa kike miaka sita, yuko na CP (ulemavu unaotokana na ubongo), hakai mwenyewe, hatafuni, kumlisha ni saa nzima na wakati mwingine inapita halafu nusu inarudi nje. Sisi watu wanane, wengine walemavu wenyewe wengine wazazi kama mimi, tulifanya kundi, CDO, afisa wa maendeleo ya jamii, akatusaidia fomu na mwaka jana tukapata granti milioni 5. Kila mtu akapewa 600,000 ya biashara yake, laki mbili zikabaki kwa akaunti. Mimi niliandika mivumba, nguo za mitumba. Nilinunua nguo za watoto za 350,000, zile zingine nikanunua blenda 90,000 na maziwa ya kopo na mayai na mafuta manake mtoto alikuwa amekonda mpaka mbavu unazihesabu. Sasa kwa mkutano mwenyekiti akasimama mbele ya watu wote akasema nimekula mtaji, nirudishe. Nikamuuliza kwani hii pesa si ya walemavu? Mtoto wangu si mlemavu? Watu wakanyamaza tu. Shangazi nilikosea?
*Mama wa Blenda, Arua*

Mama wa Blenda, hayo ni maswali mawili umeyafunga kwa kitenge kimoja, acha nikufungulie.

La kwanza ni la karatasi, na kwa karatasi mwenyekiti wako ana haki. Granti Maalum ya Taifa ya watu wenye ulemavu, ile ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, ni hela ya mradi wa kuingiza kipato. Kundi la watu kuanzia watano, mnaandika mpango wa biashara, mnapewa mpaka milioni 5. Kwa huo mpango wewe uliandika mivumba, hukuandika maziwa. PDM, ule mpango wa serikali wa hela za parishi, nayo ni vilevile, hata yenyewe ni kali zaidi kwa sababu ni mkopo: asilimia 10 ya hela ya parishi imetengwa kwa walemavu, nyumba moja inapata milioni 1, lakini inarudi na riba. Kwa hivyo ukiulizwa na mkaguzi kesho, hizo 250,000 huna jibu la kumpa. Zirudishe kidogokidogo kutoka kwa faida ya nguo, mwambie mwenyekiti kiasi na tarehe, iandikwe kwa kitabu cha kundi, na umwambie pia kwamba kumwaibisha mtu mbele ya mkutano haijaandikwa kwa katiba ya kundi.

La pili sasa. "Kwani hii pesa si ya walemavu?" Hilo swali ni zuri sana, ila ulimuuliza mtu ambaye si wa kulijibu. Uganda iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na huo mkataba, kifungu cha 25, unasema wazi kwamba mtu asinyimwe matibabu wala chakula wala vinywaji kwa sababu ya ulemavu. Kifungu cha 28 nacho kinataja chakula cha kutosha. Tuna sheria yetu pia ya mwaka 2020. Lakini kutoka kwa mkataba mpaka kwa sufuria yako hakuna mkoba. Mzee akifika miaka 80 anapata 25,000 kila mwezi. Mtoto asiyeweza kutafuna hana chake cha mwezi, hana hata mia. Ndio maana kina mama wanakata kutoka kwa mtaji, na mimi sitakuita mwizi, nimeona wengi sana wakifanya hivo na ningekuwa wewe labda ningefanya pia.

Lakini sasa twende kwa zile 250,000 zenyewe, manake hapa ndipo nataka wote msome, si Arua peke yake.

Mimi niko na swali moja ambalo nauliza kila kitu cha mezani: huyu mtoto angekuwa hana CP, hii gharama ingekuwepo? Mayai, ndio ingekuwepo, hata dada yake anakula mayai. Mafuta vilevile. Hicho ni chakula cha nyumba, hakuna mfuko wa walemavu popote duniani ambao ningeupigia kelele ulipe mayai. Blenda? Hapana, isingekuwepo. Dada yake anakula posho (ugali) na maharage kwa meno yake. Blenda iko jikoni kwako kwa sababu moja tu, ulemavu, kwa hivyo hiyo ningeipigania mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya huyo mwenyekiti. Kiti cha kumkalisha wima, hivohivo. Kijiko kidogo cha plastiki asije akakiuma akaumia, nauli ya kumpeleka kwa fizio, ile saa yako moja mara tatu kwa siku ambayo huuzi mivumba, hivo vyote ni vya ulemavu na ajabu ni kwamba ndivyo watu hawaviandiki kabisa wakiomba msaada. Wanaandika "chakula cha mtoto". Msomaji wa barua anasoma chakula, anasema kila mtoto anakula, anaweka pembeni.

Halafu maziwa ya kopo. Nani alikwambia? Kama ni daktari wa lishe amepima na kuandika, sawa, nyamaza uendelee. Kama ni muuza duka, basi pole. Mtoto wa miaka sita hana haja ya fomula ya mtoto mchanga, hela yako nyingi imepotelea pale. Maziwa ya kawaida yaliyochemshwa, uji mzito wa mtama ama mahindi, kijiko cha binyebwa (njugu zilizosagwa), kijiko cha mafuta, unga wa mukene (dagaa) uliosagwa laini, hapo blenda yako inafanya kazi ya kweli. Kule Mulago kitengo cha lishe cha Mwanamugimu kimewafundisha kina mama kitobero tangu miaka ya 1960: matoke ama viazi, maharage ama njugu, nyama kidogo ama samaki, majani ya kijani, vyote kwa jani moja vinapikwa kwa mvuke halafu unaponda. Wako ukiisaga mpaka iwe kama mtindi mzito anapata kila kitu kwa vijiko vichache, na kwa mtoto anayechoka haraka hiyo ndiyo siri, si wingi wa bakuli.

Na nikuulize, unamlisha akiwa amelala mapajani kichwa kimeangalia juu? Wengi wanafanya hivo, manake chakula kinaingia haraka. Kinaingia ndio, lakini njia gani? Nilikuwa na mama mmoja wodini, mtoto wake alirudi na nimonia mara nne kwa mwaka, dawa zile zile, anapona anarudi. Siku moja nikakaa nikamwangalia analisha. Kichwa nyuma, anamimina uji kwa kona ya mdomo, mtoto anakohoa, macho yanatoa maji, mama anasema "anadeka". Alikuwa anapaliwa. Kila kijiko cha pili kilikuwa kinaenda mapafuni. Tukamkalisha kwa kona ya ukuta, mito pande mbili, magoti yamekunjwa, kidevu kimeshuka kidogo kuelekea kifuani, mama akakaa chini mbele yake macho kwa macho. Kijiko nusu. Unakiweka katikati ya ulimi unakandamiza kidogo, unatoa, unangoja. Unangoja tena. Unaona koo limepanda limeshuka ndio unaleta kingine. Mara ya kwanza ilichukua dakika hamsini, baada ya wiki tatu dakika thelathini. Na uji ukawa mzito, manake maji mepesi ndiyo yanakimbia kwenda kubaya.

Hicho kikao cha kona kilimgharimu sifuri. Lakini mtu wa kumwonyesha ndiye aliyekosekana mwaka mzima, na mtu wa kumwonyesha ndiye ningetaka hela ilipe kwanza.

Kitu cha mwisho kwako, na hiki usingoje kundi wala mkutano. Mtoto ambaye mbavu zinahesabika apelekwe kituo cha afya apimwe, na mwambie nasi miaka yake. Ile tepu ya mkono yenye rangi, nyekundu chini ya sentimita 11.5, ni ya watoto wa miezi 6 mpaka 59, wako amepita hapo anapimwa kwa viwango vingine. Akionekana na utapiamlo mkali matibabu yake ni bure, ile pakiti ya siagi ya njugu ya gramu 92. Ila waambie mapema kwamba hatafuni na anapaliwa, manake ile kitu inanata kwa kaakaa, wanaweza kuamua alazwe wampe maziwa ya tiba wodini. Usikubali kurudishwa nyumbani na pakiti ambazo hawezi kumeza.

*

Senga, mimi ni katibu wa kundi la walemavu huku Busia. Tulisoma kuhusu mfuko wa welfare, wa kusaidiana, na sisi tukaanzisha, kila wiki 1,000 kila mtu. Sasa tuna 300,000 na maombi matatu yameingia pamoja. Mmoja anataka unga kilo 10 kila mwezi. Mwingine anataka kiti cha kulishia mtoto. Wa tatu ni nauli ya kwenda Kampala, mtoto ameandikiwa aende Katalemwa. Kamati imegawanyika, wengine wanasema tugawe sawasawa laki laki. Tunaamuaje bila kugombana?
*Katibu, Busia*

Katibu, laki laki ni njia ya kukwepa kuamua. Laki haifikishi mtu Kampala na mtoto na kurudi na kulala, kiti nacho kitabaki nusu, na unga utaisha.

Mimi ningeanza na nauli. Katalemwa, pale barabara ya Gayaza, wanafanya kazi ya watoto wenye ulemavu na wana karakana ya vifaa, kwa hivyo huyo mtoto akifika atapimwa mkao na mama ataonyeshwa kulisha. Safari moja inamaliza mambo matatu. Na huyo wa kiti, kabla hamjalipa fundi, mwambieni atume vipimo na picha na huyo anayesafiri, ama aongozane naye kama mfuko unafika. Kiti kilichotengenezwa na seremala kwa kukisia nimekiona mara nyingi, ni kizuri sana kwa macho, mtoto anateleza chini kama mzigo wa boda na kichwa kinarudi palepale nyuma. Kiti kibaya ni hatari kuliko mkeka.

Unga. Hapa nitasema kitu wengine watakasirika. Unga wa kila mwezi si gharama ya ulemavu, ni gharama ya tumbo. Nauliza lile swali langu: asingekuwa mlemavu angenunua unga? Angenunua. Lakini msimfukuze, muulizeni kwanza kwa nini anaomba. Nilishawahi kusikia mzee kipofu akiomba kundi sukari na unga, kumbe shida si pesa, shida ni kwamba jirani aliyekuwa anampikia alihama na yeye alishaungua mkono mara mbili kwa sigiri. Hapo jibu si unga. Jibu ni kumlipa kijana wa jirani kitu kidogo awe anawasha na kupika, ama kumtafutia jiko lenye kifuniko na mahali pa kulishika. Hiyo ni ya ulemavu kabisa na mfuko ulipe. Mkigundua hana tu chakula, ana njaa kama majirani wengine wenye njaa, basi nendeni kwa LC1 (uongozi wa kijiji), kwa msikiti, kwa kanisa, kwa ukoo, wanachama mchange kwa mkono mwingine, lakini si kwa mfuko huu, manake ukianza kulipa unga mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu mfuko umekwisha na yule mtoto wa kiti bado yuko kwa mkeka.

Na iandikeni kwa katiba yenu kabla ombi lijalo halijaja. Ukiandika sheria wakati mtu amesimama mlangoni, ataona umeiandikia yeye.

*

Shangazi habari. Kaka yangu anaishi Perth, Australia, mtoto wake miaka tisa yuko na CP na analishwa kwa mpira wa tumboni. Wako na ule mfuko wa serikali wa NDIS. Sasa kila tukiongea kwa simu analalamika, ati serikali inalipa maziwa ya mpira na mashine na mtaalamu wa lishe lakini ilikataa kulipa hela ya supamaketi, na shemeji anataka niwatumie barua kutoka kwa daktari wa Kampala aliyemuona mtoto zamani iwasaidie kukata rufaa. Mimi nashangaa, kule kuna hela hivo halafu wanakataa viazi? Hiyo barua itasaidia?
*Mjomba wa mbali, Kampala*

Mjomba, kaka yako yuko pazuri kuliko anavyojua, mwambie apunguze kelele kidogo.

Ule mfuko una sheria yake ya mwaka 2013 na neno kubwa ndani yake ni kwamba msaada uwe wa maana na wa lazima, na uhusiane na ulemavu wenyewe. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2019 walikubali kulipa vitu vya afya vinavyotokana na ulemavu, na humo ndani wakaweka lishe na shida za kumeza: mtaalamu wa lishe kupanga mlo, mtaalamu wa kumeza kuandika mpango wa kula kwa usalama, unga wa kuzidishia vinywaji uzito, mpira, pampu, fomula ya mpirani. Halafu Oktoba 2024 wakatoa orodha ya vinavyolipwa na visivyolipwa, na chakula cha kawaida cha nyumbani kiko upande wa visivyolipwa. Sababu ni lile lile swali langu la Arua, wao wameliandika tu kwa Kiingereza kirefu: kila familia inanunua viazi.

Ndio maana fomula wanalipa na viazi hawalipi. Fomula ya mpirani hakuna mtu anaiweka mezani kwa kupenda, iko pale kwa sababu koo haifanyi kazi. Hata wale wanaoletewa chakula kilichopikwa kwa sababu hawawezi kupika, mfuko unalipa mkono uliopika na gari lililoleta, nyama na mchele wenyewe mtu analipa mfukoni mwake. Inauma lakini ina mantiki, mimi naielewa.

Rufaa ya supamaketi aiache. Kama anataka kupigana, apigane kwa kitu anachoweza kushinda. Je, mtoto amekua na fomula ni ileile ya mwaka juzi? Mpango wa kula umeandikwa upya? Walezi wa shule wamefundishwa kutumia pampu? Mashine ikiharibika usiku kuna ya akiba? Hayo yote yanaombeka, na barua inayosaidia ni ya mtaalamu wa lishe wa hukohuko anayemuona sasa, inayosema uzito ulikuwa kilo ngapi, sasa ngapi, nini kitatokea asipopata, na kwa nini njia ya bei rahisi haifai. Daktari wa Kampala aliyemuona akiwa na miaka mitatu atawaambia nini? Kwamba alikuwa mlemavu? Wanajua.

Kingine, kwa wengine wenu wenye ndugu kule manake najua mtauliza: mfuko huu ni wa raia, wakaazi wa kudumu na wachache wenye visa maalum ya Nyuzilandi. Aliyeenda na visa ya masomo na mtoto mwenye ulemavu haingii, hata akikaa miaka mitano. Na ni lazima uombe kabla hujafika miaka 65. Msiuze shamba mkidhani mkifika tu mtapokelewa na pampu uwanja wa ndege.

*

Senga, jajja yetu ana miaka 82, alipata stroku (kiharusi) mwezi wa tatu, upande wa kulia wa mwili umelegea. Anapata ile 25,000 ya wazee. Mjomba anasema hiyo hela inunue mkate na sukari na majani ya chai kwa sababu jajja anapenda chai, dada yangu anasema inunue nepi. Shida ni kwamba akinywa chai anakohoa sana, mara nyingine sauti inakuwa kama ya mtu aliye na maji kooni. Uji anameza bila shida. Nani ana haki, mjomba ama dada?
*Mjukuu, Jinja*

Hakuna, mjukuu. Umeandika jambo kubwa kwa sentensi ya mwisho ukalipita haraka kama boda kwa tuta.

Sauti ya maji kooni baada ya kunywa, hiyo ni alama kwamba chai inapita njia ya hewa. Stroku inapolegeza upande mmoja inalegeza na koo pia, na kitu chepesi kama chai na maji kinakimbia kabla koo halijafunga. Uji mzito unatembea polepole ndio maana anauweza. Kwa hivyo chai ya kawaida simamisheni leo, si Jumatatu. Apelekwe kituo cha afya cha daraja la IV ama hospitali, mseme neno "anapaliwa tangu stroku", wamsikilize na kifua, wawaelekeze kwa mtaalamu wa kumeza. Ni wachache nchini na wengi wako Kampala, kwa hivyo hapo ndipo 25,000 yake inaanza kuwa na kazi ya kweli. Nauli. Mwezi huu mkate usubiri, mjomba anaweza kununua mkate kwa hela yake, jajja alimlea bila granti.

Wakati mnangoja: akae wima kabisa, asile akiwa ameegemea mto kitandani. Kidevu chini kidogo. Chakula kiwekwe upande wenye nguvu, wa kushoto. Kijiko kimoja, ameze, aseme "aaa", ukisikia sauti safi ndio kingine. Akimaliza akae wima nusu saa asilazwe. Na mdomo usafishwe baada ya kila mlo, manake mabaki yaliyojificha kwa shavu lililolegea yanateremka usiku akiwa amelala na hapo ndipo nimonia inaanzia. Kuhusu kiu, msimnyime maji, mtu haishi bila maji: uji wa mtama wenye uzito, mtindi, chai yenyewe ikipikwa na unga wa mahindi mpaka ishike kijiko, najua inasikika vibaya lakini jajja mmoja aliniambia ni kama bushera (togwa ya mtama) yenye tangawizi na akaizoea.

Akikataa kula kabisa ama homa ikipanda, usingoje tarehe ya hela.

Nepi? Dada yako hana kosa, nepi ni za ulemavu kweli, lakini kwa 25,000 mtu lazima achague na mimi nachagua mapafu.

*

Shangazi, mtoto wangu ametolewa hospitali na mpira wa puani, walisema nimpe maziwa kwa sindano kubwa mara sita kwa siku. Maziwa ni ghali. Nina blenda. Naweza kusaga kitobero vizuri nichuje halafu nipitishe humo?
*Mama Swali, Kisenyi*

Usifanye hivo. Mpira wa puani ni mwembamba, kitobero hata ukichuja mara tatu itaganda ndani, na ukiziba utasukuma kwa nguvu, na ukisukuma kwa nguvu mpira unaweza kupasuka. Rudi kwa wodi iliyokutoa, mwambie nasi wa lishe ukweli kwamba maziwa yamekushinda bei, usione haya, wanaweza kubadilisha mpango ama kukuandikisha kwa programu ya lishe kama uzito wake uko chini. Usipunguze maziwa kwa kuongeza maji ili yafike mwisho wa wiki, najua umelifikiria.

Na kila mara kabla ya kumimina, angalia alama waliyochora kwa mpira pale puani kama bado iko palepale, uvute kidogo kwa sindano jinsi walivyokuonyesha. Alama ikiwa imetoka, ama mtoto anakohoa na kubadilika rangi, usimimine kitu, funga mpira na urudi hospitali hata kama ni saa nane za usiku.